Muulize Babu Ramani: Usiipige pasi kabla hujaisoma

Mbukwenyi wasomaji. Toleo lililopita niligusia kidogo tu ramani zangu za mfukoni, zile za katikati ya miji zilizokunjwa hadi zikaingia kwenye koti, nikadhani mada imeishia hapo. Kumbe nimefungua bomba. Mhariri kaniletea barua kumi na saba ndani ya bahasha moja ya kaki, nami nimechagua saba. Walioniuliza kama nauza: siuzi. Aliyeuliza kama mke wangu anajua idadi ya ramani zilizoko chini ya kitanda: anajua, na ana maoni yake.

SWALI: Shikamoo Babu. Marehemu babu yangu alikuwa karani wa reli hapa Dodoma. Ndani ya sanduku lake la bati tumekuta ramani ya Dar es Salaam yenye jalada la kadi ya kijani, imekunjwa kama feni. Mwaka haujaandikwa popote. Nitajuaje ni ya lini, na je, ina thamani? (Mjukuu wa karani, Nkuhungu)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Wachapaji wa ramani za mfukoni walikuwa na ujanja wa muuza samaki: hawasemi kavuliwa lini. Ukiandika mwaka, mwakani mteja hanunui. Kwa hiyo acha kutafuta mwaka, soma majina ya mitaa.

Anza na mtaa mkuu, huu tunaouita Samora. Wajerumani waliuita Unter den Akazien, yaani chini ya miti ya mikakaya. Waingereza wakaufupisha ukawa Acacia Avenue. Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961 ukawa Independence Avenue, na baadaye ukapewa jina la Samora. Tayari hapo una vyumba vinne vya kuiweka ramani yako. Kisha nenda Kariakoo: ukisoma Kichwele Street, ni kabla haijaitwa Uhuru. Ukikuta Sokoine Drive, huo ni wakati wa baada ya kifo cha Sokoine, Aprili 1984. Na barabara ya ufukweni ikisomeka Barack Obama Drive, samahani sana, hiyo ni ya 2013 au baada yake, na babu yako hakuinunua yeye.

Tazama pia sanamu ya Askari pale kwenye mzunguko. Ilisimamishwa 1927. Kabla yake palisimama Mjerumani, von Wissmann. Kama mchoraji kaiweka sanamu, angalia kaandika nini pembeni.

Halafu geuza jalada usome bei. Rupia? Basi ni ya Wajerumani, au miaka michache tu baada yao. Shilingi yenye mkwaju, mfano 2/50, inaweza kuwa shilingi ya Afrika Mashariki, na hiyo ilianza kutuaga 1966 tulipochapa ya kwetu, ila mkwaju wenyewe tuliendelea kuuandika. Neno Tanganyika juu ya jalada nalo linasema kitu, maana jina Tanzania lilianza kutumika Oktoba 1964. Usiliamini peke yake, lakini. Karatasi za jalada zilichapwa nyingi kwa mara moja, na mchapaji mwenye akiba ya majalada ya zamani hayatupi kwa sababu nchi imebadili jina.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Umri wa ramani unapimwa kwa kitu kichanga kuliko vyote kilichomo ndani yake. Hata mitaa mia ikiwa ya kale, mmoja tu wa juzi unatosha kuishusha yote. Kule London mchapaji Cruchley aliyapata mabamba ya shaba ya mtangulizi wake John Cary, akayakwangua hapa na pale, akaongeza reli, akaendelea kuchapa miaka na miaka. Naye alipomaliza, mabamba yakahamia kwa Gall na Inglis. Bamba moja limezeekea mikononi mwa nyumba tatu! Ukimwona mtu anasema hii ni ya fulani kwa sababu mwandiko ni wake, mwambie aende akatafute reli.

Kila mji una kipimo chake cha namna hii. Paris: hesabu wilaya za mji. Zikiwa kumi na mbili, ni kabla ya Januari 1860. Zikiwa ishirini, ni baada. London: herufi za posta zikiwa na namba mbele yake, kama E.1 au W.2, ni 1917 kuendelea. Petersburg ikawa Petrograd 1914, ikawa Leningrad 1924, kwa hiyo ramani ya Petrograd ina dirisha la miaka kumi tu la kuzaliwa. Nairobi nayo imo: Delamere Avenue ni Kenyatta Avenue ya leo, na Government Road ndiyo Moi Avenue.

Kuhusu thamani. Jibu langu halitakufurahisha, lakini fungua ramani hiyo mezani, taratibu, uangalie kama karani aliweka alama ya penseli. Makarani walitumwa Dar kikazi, nao walikuwa wageni kama wewe na mimi. Kama kuna mstari wa penseli kutoka stesheni hadi nyumba fulani, au msalaba mdogo, usiufute hata ukiambiwa ramani safi ndiyo yenye bei. Waulize wazee wa familia nani alikaa pale. Mimi ninayo ya Hamburg yenye duara la wino wa bluu kwenye kona moja ya bandari, na kwa miaka arobaini sasa nataka kujua ni la nini.

SWALI: Babu habari za huko. Nilipewa ramani ya London ya mfukoni na jirani mzee aliyehama. Imegandishwa kwenye kitambaa, imekunjamana vibaya na kuchanika kwenye mikunjo miwili. Naweza kuipiga pasi kwa moto mdogo? Na soloteipu ya nyuma isiyoonekana inafaa? (Mama wa watoto wawili, Kondoa)

JIBU: Nzuri mama. Pasi hapana. Soloteipu hapana, na hiyo isiyoonekana ndiyo mbaya zaidi, maana utaiona baada ya miaka mitano: gundi inageuka njano, inazama kwenye karatasi, karatasi inakuwa kama iliyomwagiwa mafuta ya mandazi. Plastiki inabanduka yenyewe, doa linabaki.

Ngoja nikwambie niliyoyafanya mimi, nione aibu mbele za watu. Mwaka 1991 nilikuwa na ramani nzuri ya katikati ya Dar, ya enzi za Acacia Avenue, mikunjo imelegea. Nikaipeleka kwenye duka la vifaa vya ofisi, nikamwambia kijana ailaminishe. Nilitoka pale najisifu. Ramani ilikuwa inang'aa kama sahani mpya. Miaka michache tu baadaye plastiki ikaanza kufanya mapovu, ikawa njano, na kwa kuwa joto lilikwishayeyusha gundi ndani ya karatasi, hakuna namna ya kuitoa. Bado ninayo. Naiweka juu ya rundo ili kila ninapofungua sanduku nianze na adhabu.

Hiyo yako iliyobandikwa kwenye kitambaa ni kazi ya mikono ya zamani. Karatasi ilikatwa vipande mstatili, vikagandishwa juu ya kitani kwa kuacha mwanya mwembamba kati ya kimoja na kingine, ili mkunjo uangukie kwenye kitambaa na karatasi isikunjwe kabisa. Ndiyo maana nyingi bado hai. Angalia vizuri hapo unapodhani imechanika: pengine ni mwanya huo tu, na hakuna kilichochanika! Kama kitambaa chenyewe kimekatika, kiache, weka ramani ndani ya karatasi nyeupe safi iliyokunjwa, basi. Mafundi wa kweli huziba kwa karatasi nyepesi ya Kijapani itokanayo na ganda la mforosadi wa karatasi, na uji wa wanga wa ngano, kwa sababu uji huo unaweza kulowanishwa ukatoka bila madhara siku fundi mwingine akitaka kurekebisha. Gundi ya dukani haitoki.

Kuinyoosha, kama haina rangi za kupakwa kwa mkono (rangi hizo zinachuja, jaribu kwanza pembeni kwa ncha ya pamba iliyolowanishwa kidogo, ikitoka hata kidogo acha): chukua beseni pana lenye mfuniko, weka taulo lililolowanishwa na kukamuliwa chini kabisa, juu yake waya wa wavu ulioinuliwa kwa vikombe, ramani juu ya wavu, isiguse maji. Funika. Baada ya saa moja au mbili karatasi inalegea kama chapati ya moto. Itoe, iweke kati ya karatasi nyeupe nene, kandamiza kwa vitabu vizito siku mbili tatu. Kondoa na Dodoma hewa yetu ni kavu, karatasi inaishi ikiwa na kiu, ndiyo maana ukikunjua kwa nguvu Oktoba inavunjika na ukikunjua Februari mvua ikinyesha inakubali. Mimi hukunjua zangu Februari.

Kisha hifadhi. Kuvu si adui yetu mkubwa huku. Adui ni vumbi na mchwa. Sanduku la bati lisimame juu ya matofali, lisiguse ukuta, kwa sababu mchwa wa Ugogoni hupanda ukutani bila kukuomba ruhusa. Yupo pia yule mdudu mwembamba wa rangi ya fedha anayependa wanga, na gundi ya kitani chako ni wanga mtupu, kwa hiyo kagua kila baada ya miezi mitatu. Mwarobaini uache jikoni. Majani yakikauka juu ya karatasi yanaacha doa. Na usiitundike ukutani panapopigwa na jua la jioni, rangi nyekundu na njano ndizo za kwanza kukimbia.

SWALI: Mzee, mimi ni kijana wa Kisasa (mtaa, si tabia). Mtandaoni kuna mtu anauza ramani ya mfukoni ya katikati ya Chicago, anasema ni ya 1870, kabla ya moto mkubwa, imechapwa na Rand McNally. Picha ni nzuri. Nitume pesa?

JIBU: Usitume. Rand McNally walikuwa wachapaji wa tiketi na ratiba za reli, na ramani yao ya kwanza ilitoka 1872. Ya 1870 haipo. Muuzaji ama hajui, ama anajua sana.

Lakini swali lako limenipa furaha, kwa hiyo nikae nalo kidogo. Sijawahi kufika Chicago hata ndotoni, ila mitaa yake ya kati naijua kuliko ninavyoijua Arusha. Moto ule ulianza tarehe 8 Oktoba 1871 ukazima tarehe 10, ukala katikati ya mji pamoja na maduka ya vitabu, viwanda vya chapa na mawe ya kuchapia yenyewe. Kwa hiyo ramani za kabla ya hapo ni haba kwa sababu mbili: mji zilizouchora uliungua, na nakala zilizokuwa madukani ziliungua nao.

Siku ukiletewa nyingine inayodaiwa kuwa ya kabla ya moto, nenda moja kwa moja ziwani. Tafuta Michigan Avenue. Zamani zile reli ya Illinois Central ilipita juu ya nguzo ndani ya maji, na kati ya reli na barabara palikuwa na maji matupu, kama bwawa. Baada ya moto vifusi vya mji mzima vikamwagwa humo, nchi kavu ikaota, na leo ni bustani ya Grant Park. Kwa hiyo maji yakiwepo kati ya barabara na reli, endelea kusoma kwa matumaini. Pakiwa nchi kavu, funga pochi. Ukiona reli ya juu iliyozunguka katikati ya mji kama mkanda, umeshafika 1897. Namba za nyumba nazo zilibadilishwa mji mzima kuanzia 1909, na watu wa kati walisubiri hadi 1911.

Sasa karatasi. Azima lenzi ya fundi saa. Mimi huazima kwa mzee mmoja karibu na Jamatini, ananidai soda tangu mwaka juzi. Tazama mstari mmoja wa bluu. Chapa ya kisasa inaonesha madoa madogomadogo ya rangi nne yaliyopangana kama punje za mtama kwenye ungo. Chapa ya zamani, iwe ya jiwe au ya bamba la shaba, mstari wake ni wino mmoja uliolala, na ya shaba ukipitisha ukucha kwa upole unahisi wino umeinuka kidogo. Halafu kuna mtego ninaoupenda kuliko yote: doa. Ramani iliyokaa imekunjwa miaka mia, chai ikiingia mkunjo mmoja inatoboa hadi wa pili na wa tatu, kwa hiyo madoa yanafanana pande zote mbili za mkunjo kama mabawa ya kipepeo. Mghushi hupaka chai karatasi ikiwa imekunjuliwa. Doa lake liko upande mmoja tu, limekaa kama mgeni asiyejulikana kaja na nani.

Muombe muuzaji picha ya upande wa nyuma. Wengi wanaishia hapo.

SWALI: Babu ramani hizi zinalipa? Nataka kuingiza milioni mbili. (Mfanyabiashara, Singida)

JIBU: Nunua alizeti.

SWALI: Shikamoo Babu. Mimi nasoma UDOM. Kwa heshima, naona ajabu mtu wa Dodoma kukusanya Hamburg, London na Chicago. Je, Dodoma haina ramani za mfukoni za zamani, au hazikustahili?

JIBU: Marahaba. Umenichoma panapouma, na umefanya vizuri.

Nianze na Hamburg, unielewe. Mwaka 1982 nilikuwa kijana kwenye chumba cha kuchorea hapa Dodoma, kazi yangu wino na kalamu ya ncha ya chuma juu ya karatasi angavu ya kunakilia michoro, mikono imevikwa poda ili jasho lisidondoke. Mhandisi mmoja mgeni alipoondoka aliniachia ramani ya mji wake iliyokunjwa kwa mtindo wa Falk, wa yule Gerhard Falk wa Hamburg. Imepasuliwa mipasuo kwa makusudi, kiasi kwamba unaweza kufungua mtaa mmoja tu kama ukurasa wa kitabu bila kukunjua mji mzima. Nilikaa nayo jioni nzima. Kuifungua niliweza, kuikunja ikanishinda, nikalala imetanda juu ya meza ya chakula. Sisi mchana kutwa tunachora mji mkubwa kwenye karatasi za upana wa mlango, na mtu huyu kauweka mji mkubwa kuliko huo ndani ya mfuko wa shati. Ndivyo nilivyoanza. Sikuanza kwa mapenzi ya Ulaya, nilianza kwa wivu wa fundi.

Sasa Dodoma. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa 1973, CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ikaundwa mwaka huohuo, na mpango kabambe wa 1976 ukachorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto. Mpango ule ulikuwa na tabia ya nyakati zake: mabasi kwanza, watu watembee kwa miguu, mitaa ifuate vilima badala ya kuvikata. Baadaye mbunifu Mmarekani James Rossant akachora kitovu cha makao makuu. Karatasi zote hizo zilikuwa kubwa. Ni za ukutani na za mikutano, wala hazikuwa za mtu aliyeshuka kwenye treni akitafuta nyumba ya shemeji yake Chang'ombe.

Lakini ndogo zilikuwapo. Zilichapwa ramani za kukunja za kuwapa wageni, zikawekwa nyuma ya vipeperushi vya hoteli, nyuma ya kalenda, ndani ya vitabu vya mikutano. Siku moja, miaka ya tisini, nilinunua karanga soko la Sabasaba. Muuzaji akanikabidhi karanga ndani ya karatasi iliyosokotwa kama pembe. Nimefika nusu ya karanga, naona neno Makole. Nikaikunjua. Ilikuwa robo ya ramani ya mji wa Dodoma, upande wa stesheni na Uhindini, barabara zilizopangwa zimechorwa kwa nukta nukta, zingine hazijajengwa hadi leo. Nikarudi mbio kwa yule mama: karatasi nyingine ziko wapi? Akanionesha rundo. Rundo lilikuwa la madaftari ya shule na robo moja nyingine ya ramani ileile, ya upande wa Kikuyu. Robo mbili zilizobaki zimeliwa na wateja wengine wa karanga. (Na ukikumbuka kuwa jirani yetu Kongwa Waingereza walimwaga fedha kwenye mradi wa karanga kuanzia 1947 hadi ukafa 1951, utaona karanga zina deni na mkoa huu.)

Hizo robo mbili ndizo kitu adimu kuliko vyote nilivyo navyo. Ramani ya London ya mwaka wowote utakayoitaja, kuna maktaba kadhaa duniani zenye nakala. Hii yangu sijaona nakala nyingine kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na niliuliza hadi nikachosha watu. Ramani ya mfukoni haipotei kwa kuwa haikustahili. Inapotea kwa kuwa ilifanya kazi: ilifunguliwa upepo wa Dodoma ukaipasua, ililowa, ilifungiwa karanga.

Kwa hiyo wewe uliye chuo, na miguu unayo, anza sasa. Kusanya chochote kilichokunjwa chenye mitaa ya Dodoma. Ramani inayosema Manispaa ni ya kabla ya tarehe 26 Aprili 2018, siku tulipotangazwa kuwa Jiji. Yenye nembo ya CDA inaelekea ni ya kabla ya Mei 2017, CDA ilipovunjwa. Isiyo na Mji wa Serikali kule Mtumba inaelekea ni ya kabla ya 2019. Isiyo na stesheni ya treni ya umeme inaweza kuwa ya juzi tu, lakini juzi nayo inazeeka. Nenda Nanenane pale Nzuguni uchukue vipeperushi vyenye mchoro wa viwanja. Waulize wenye hoteli za zamani karibu na stesheni wafungue makabati. Area C na Area D, majina yenye harufu ya meza ya mchora ramani, yalikwama midomoni mwa watu, na siku moja mjukuu atauliza Area B ilienda wapi. Jibu litakuwa kwenye kipande cha karatasi au halitakuwapo kabisa, maana kwenye simu ramani hujisahihisha usiku tumelala na haiachi ya jana.

SWALI: Kuna kijana wa karatasi chakavu ananiletea ramani nzuri sana, ndogo na kubwa, ila zina mihuri ya ofisi ya serikali nyuma. Bei rahisi. Ninunue? (Jina limehifadhiwa, Dodoma)

JIBU: Usinunue, na usimfukuze kijana. Muhuri wa ofisi unamaanisha mali ya umma hadi ithibitike vinginevyo, na kumbukumbu za umma zina sheria yake, namba 3 ya 2002. Muulize alizitoa wapi, kisha nenda ofisi ya kumbukumbu na nyaraka ukaeleze kabla mzigo haujaenda kwenye mizani ya kilo. Nimewahi kuiacha ramani ya mikunjo minane ya kitani iende zake kwa sababu hiyo. Nililala njaa siku ile, si kwa kukosa chakula.

SWALI: Babu Ramani, mimi ni mstaafu wa reli, Manyoni. Toleo lililopita uliandika kuwa reli ilifika Dodoma 1912. Ulikosea. 1912 ni Tabora. Nina ratiba ndogo ya zamani ya kukunja yenye mchoro wa stesheni na mitaa ya Dodoma, nikuletee uone?

JIBU: Umenikamata, mzee mwenzangu. Reli ilitoka Dar 1905, Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Nilisoma kwenye ramani yangu mahali ambapo mkunjo umekula namba, nikajaza kwa kichwa, nikafanya kosa lilelile ninalowakataza watu ukurasa huu mzima. Mhariri naye alipitiwa, lakini yeye hakusoma ramani, alisoma mwandiko wangu.

Kuhusu ratiba: usiitume kwa posta, wala usimpe kondakta wa basi. Njoo nayo mwenyewe, ikiwa kati ya karatasi mbili safi ndani ya kitabu kigumu. Uliza Kikuyu nyumba ya mzee wa ramani, watoto watakuleta. Upande wa Uhindini kwenye robo yangu ya karanga umekatika kwenye barabara ya sita, na nina hamu ya kujua upande wa pili wake palikuwa na nini. Nitaitazama tu mezani, sitaiomba. Nimemsomea mke wangu sentensi hiyo ya mwisho, amecheka mpaka chai ikamwagika, kwa bahati nzuri mbali na sanduku.